Njia Iliyopita Manyoni

Singida mgeni haelekezwi kwa jina la mtaa. Anaambiwa ashike jiwe. Nenda na lile jiwe refu la upande wa ziwa, ukilifikia pinda kulia, utaona jingine limebebwa na mwenzake, nyumba unayoitafuta iko nyuma yake. Mji wetu umekaa kwenye uwanda ulio juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kati ya maziwa mawili ya chumvi, Singidani na Kindai. Mawe ya kijivu yametapakaa kila upande, mengine yanazidi nyumba kwa ukubwa. Sisi tuliokulia hapa tunajifunza kutembea tukitazama mbali. Unachagua jiwe, unalifuata. Jua liko kichwani, upepo wa mashariki unakupiga, ziwa linang'aa upande mmoja, na hata usipoijua njia unajua uko wapi.

Mwendo huo haufai Mji Mkongwe wa Zanzibar. Nilikwenda Unguja kwa harusi ya mpwa wangu, na shughuli ilipokwisha nikabaki kwa ajili ya mji wenyewe, kwa sababu nilikuwa nimeufundisha darasani kwa miaka mingi nikiujua kwa picha za vitabuni tu. Asubuhi niliingia vichochoroni kutokea Darajani, na hatua chache tu upeo ukafungwa. Kuta zimepanda ghorofa mbili, tatu, kulia na kushoto. Anga imebaki utepe. Njia inapinda kabla hujajua inakokwenda, inagawanyika mara mbili, moja ya hizo inaishia kwenye mlango wa mtu. Hakuna jiwe la kushika.

Nilipotulia nikaanza kuona akili iliyomo. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti ina urefu wake, haivutiki. Kwa hiyo vyumba vya nyumba za zamani ni vyembamba na virefu, na fundi wa wakati ule alianza kupima kwa mti aliokuwa nao. Vichochoro navyo vimebanwa makusudi. Saa sita mchana, wakati mtu hawezi kusimama juani pale Forodhani, Kiponda na Hurumzi kuna kivuli na kaupepo kanakotoka baharini. Baraza za mawe zilizojengwa kando ya milango ni mahali pa kukaa jioni, na masika maji yakijaa njiani watu hupita juu yake. Mtu wa bara akifika husema mji umebanana. Umebanana kwa hesabu ya watu waliolijua jua la pwani.

Nitaeleza nilivyojifunza kuutembea, kwa kuwa wengi wa kwetu wakienda hurudi wameona Forodhani na soko la Darajani tu, kwa hofu ya kupotea. Mji ule umekaa juu ya rasi. Bahari iko magharibi na kaskazini, na mashariki iko barabara ya Darajani, mahali palipokuwa na mkono wa bahari uliotenganisha mji wa mawe na Ng'ambo kabla ya kufukiwa. Ukishika upande mmoja bila kugeuka nyuma, baada ya muda mfupi utatokea ama baharini ama Darajani. Ukilijua hilo, hofu inaondoka, na hapo ndipo matembezi yanapoanza. Ramani ya simu haisaidii sana. Kati ya kuta ndefu ile alama ya mahali ulipo huruka kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Kinachosaidia ni salamu. Anayekaa barazani ameona kila aliyepita tangu alfajiri, na ukimsalimu vizuri hukuelekeza, tena hukuuliza ulikotoka.

Kuhusu waongozaji, ushauri wangu ni huu: siku ya kwanza tafuta mwenye kitambulisho, mlipe haki yake, umsikilize. Wale vijana wanaoitwa papasi, wanaomwandama mgeni kutoka bandarini, wakatalie kwa upole na uendelee na safari yako. Siku zinazofuata tembea peke yako au na mwenzako mmoja. Kundi kubwa haliingii kwenye kichochoro bila kuwasumbua wenyeji, na wale ni watu walio kwao. Mlango ulio wazi ni mlango wa nyumba, hata ukiwa umenakshiwa vizuri kiasi gani. Picha ya mlango omba, picha ya mtu omba mara mbili. Ijumaa adhuhuri kaa pembeni, waache watu waende msikitini. Mwanamke ajifunge kanga yake, na mwanamume asiingie mitaani na kaptula ya ufukweni.

Nilisimama mbele ya Beit el-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili waliokuwa kazini. Nilikuwa nimewachorea wanafunzi jumba lile ubaoni, nguzo zake na saa yake. Kuliona limejeruhiwa kuliniuma. Nilikwenda Mkunazini, kwenye kanisa la Waanglikana lililojengwa juu ya lililokuwa soko la watumwa, soko ambalo Barghash alilifunga kwa mkataba wa Juni 1873. Nje ya kanisa kuna shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, na minyororo yenyewe ni ya kweli. Wengi waliouzwa pale walitoka kusini, kwa njia ya Kilwa, lakini wapo walioletwa kwa njia ya kati. Watalii walipofika pale walinyamaza, hata watoto.

Kutoka huko nikashuka Shangani, kwenye nyumba iliyokuwa ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, ambako watu husimama kupiga picha mlango. Sikukaa sana. Nilirudi vichochoroni, na mbele kidogo mzee mmoja aliyekuwa barazani na kikombe cha kahawa akaitika shikamoo yangu, kisha akauliza nimetoka wapi.

"Singida, babu."

"Singida ya bara? Njia ya Unyamwezi hiyo." Akanisogezea kashata. "Wazee wetu wakenda Unyanyembe wakipita huko kwenu. Kaa kitako, unywe kahawa."

Hakusema zaidi ya hapo kuhusu Singida. Mazungumzo yakahamia kwenye bei ya samaki na harusi niliyoijia. Lakini nilipoondoka nilikuwa nautazama mji kwa jicho jingine. Kwa miaka yote niliyofundisha biashara ya misafara nilikuwa nikianzia Bagamoyo na kuishia Tabora na Ujiji, na katikati nikichora mstari wa chaki. Mstari ule ulipita juu ya wilaya ya Manyoni. Ulipita karibu na nyumbani kwa mama yangu mzazi.

Sasa wacha niuseme mstari huo vizuri. Pembe za ndovu zilizotafutwa na wafanyabiashara wa Zanzibar katika karne ya 19 zilitoka mbali, hata ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, zikaishia kuwa vibao vya piano na mipira ya biliadi huko Uingereza na Marekani. Kati ya Tabora na pwani hapakuwa na gari, na wanyama wa kubeba hawakudumu. Ndorobo na magonjwa viliwamaliza punda na farasi. Pembe zilibebwa na watu. Mpagazi wa kawaida alichukua mzigo wa frasila mbili, yaani karibu kilo 32, mbali na mkeka, sufuria na chakula chake. Richard Burton, aliyeondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, alifika Kazeh, pale Tabora, Novemba 7. Henry Morton Stanley aliyekuwa na haraka alitoka Bagamoyo Machi 1871 akafika Tabora Juni. Wapagazi Wanyamwezi waliifanya kazi hiyo kwa kwenda na kurudi, na wengi waliijua njia kuliko wazungu walioandika vitabu juu yake.

Wakitoka pwani, baada ya Mpwapwa waliingia Ugogo, ambako kila mtemi alidai hongo yake ya vitambaa na shanga kabla ya kuruhusu msafara kuchota maji. Wasafiri wa Kizungu waliilalamikia sana hongo ile. Mimi naiona kwa jicho la mwenye kisima: nchi ni kame, mvua ni ya msimu mmoja, na msafara wa mamia ya watu hunywa maji ya kijiji kizima. Baada ya Ugogo walipanda ukuta wa Bonde la Ufa, wakaingia Mgunda Mkali, pori lililoogopwa na misafara yote kwa ukosefu wa maji na chakula. Pori hilo ni Manyoni na Itigi ya leo. Vichaka vya Itigi, vizito mpaka mtu hawezi kupenya bila panga, bado vipo. Mahali walipopumzikia, Jiwe la Mkoa, jina lake limo katika maandishi ya Burton, na palipewa jina hilo kwa ajili ya mwamba. Nilipolisoma tena jina hilo baada ya kurudi nilifurahi sana: kumbe hata wapagazi, walipofika kwetu, walishika jiwe.

Hapo juu ya ukuta ndipo ilipo Kilimatinde. Ilikuwa kituo cha njia, na katika miaka ya 1890 Wajerumani wakaweka hapo boma lao, kwa sababu anayekaa pale anaona bonde lote na anayetoka mashariki lazima apande kwake. Kisha ikaja reli. Ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na haikupita Kilimatinde. Ilipita Saranda na Manyoni. Shughuli zikafuata treni, na mji uliokuwa juu ya njia ukabaki pembeni. Leo ukitaja Kilimatinde, watu wa Singida watakuambia hospitali ya Waanglikana na chuo cha uuguzi, na hilo ni jambo la heshima, maana hospitali ile imehudumia vizazi. Boma na njia ya misafara hawavitaji.

Mwaka 2006 Tanzania iliwasilisha UNESCO orodha ya awali ya mahali panapostahili kuwa urithi wa dunia, na humo imo njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Vituo vilivyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Mji Mkongwe umekuwa urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Kwa hiyo mji ninaousafiria kwa basi na boti ili kuutembea, na mji wa mkoani kwangu ninaoupita bila kugeuza shingo, yote miwili iko kwenye karatasi za ofisi ile ile, kwa sababu ya historia ile ile.

Nikaamua kwenda Kilimatinde kama nilivyokwenda Zanzibar: kama mtalii, kwa miguu, nikiwa na maji, kofia, kanga na daftari. Basi kutoka Dodoma lilipita Bahi, likapita Kintinku, mashamba ya mpunga yakiwa yamekauka, kisha likaanza kuupanda ukuta. Nilishuka barabara kuu nikachukua bodaboda, na nikamwomba kijana anishushe mwanzo wa makazi, si katikati.

"Mama, huku unamtembelea nani?"

Nikamwambia nimekuja kuutembea mji. Alinyamaza, akafikiri, halafu akaniambia kwa uzito kabisa kwamba bibi yake angeweza kunisaidia, maana yeye ndiye anayejua mambo ya zamani. Akanipeleka mpaka uani kwake bila kudai nyongeza. Hilo halijanitokea katika mji wowote wenye watalii.

Bibi yule, Mgogo mwenye umri mkubwa, alinipokea kwa maji ya kunywa kabla ya swali lolote. Tulitembea naye taratibu, akiwa na fimbo yake, nami nikauweka mwendo wangu kwenye wake. Alinionyesha sehemu za majengo ya Mjerumani. Kisha akanichukua hadi ukingoni, ambako ardhi inakatika na bonde linafunguka kuelekea Bahi, uwanda mpana wa rangi ya majani makavu. Alisema alipokuwa mtoto wakubwa waliwakataza kucheza pale, lakini kila mtoto alicheza pale. Tukasimama. Nikajaribu kuwaza mtu mwenye pembe begani akitokea magharibi, ametoka kwenye pori lisilo na maji, na kwa mara ya kwanza anaiona nchi ya chini. Nusu ya njia ya kwenda pwani ilikuwa bado.

Pale ndipo nilipouelewa Mji Mkongwe kuliko nilivyouelewa nikiwa ndani yake. Ule ni mji uliojengwa kwa miguu ya watu wasiokaa ndani yake. Misumari ya shaba milangoni, marumaru, vioo vya rangi, vyote vililipiwa kwa karafuu za Unguja na Pemba zilizochumwa na watumwa, na kwa pembe zilizoshushwa ukuta huu. Hakuna kibao Shangani kinachosema hivyo. Mtalii anauona mlango na haioni njia iliyouleta, na si kosa lake, kwa sababu sisi wenye njia hatujaionyesha.

Kuna tofauti nyingine niliyoijua kwa miguu. Mji Mkongwe unakusaidia: kila kona ina mlango, harufu ya karafuu, mwito wa adhana, duka la vinyago. Ukitembea bila kujua chochote, bado utafurahi. Kilimatinde haikusaidii hivyo. Ina gofu, ina miti, ina upepo na ukingo. Ukifika bila kusoma na bila kuuliza, utaondoka baada ya dakika chache ukisema hapana kitu. Mahali pa namna hiyo panahitaji mwenyeji aliyeandaliwa. Yule kijana wa bodaboda, akipewa mafunzo ya majuma machache, akasimuliwa habari za hongo na Mgunda Mkali, akajua mwaka wa reli, angekuwa mwongozaji mzuri kuliko wengi niliowasikia Unguja wakikariri. Adabu tayari anayo. Halmashauri isisubiri hoteli ndipo ifikirie hilo. Kinachotakiwa kwanza ni kibao chenye maneno sahihi, kivuli cha kupumzikia na choo safi.

Tukiwa kwenye hilo, mji wa Singida nao uko hivyo hivyo. Tuna Liti, mwanamke wa Kinyaturu anayekumbukwa kwa kupigana na Wajerumani akiwa na nyuki mwanzoni mwa karne ya 20. Jina lake umepewa uwanja wa mpira, ule uliokuwa ukiitwa Namfua, na maelfu hulitamka kila timu kubwa zinapokuja. Ni vizuri. Lakini muulize kijana anayetoka uwanjani Liti alikuwa nani, wengi watakutajia mabao. Matembezi ya kutoka uwanjani kupitia sokoni, kwenye alizeti, asali na vitunguu vyetu, hadi ufukwe wa Singidani ambako ndege hutua kwa makundi, yanamalizika asubuhi moja bila haraka. Mgeni angejifunza mengi kama pangekuwa na mtu wa kumweleza njiani.

Naona wakati unatubana. Treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, na reli hiyo ya kisasa imeshajengwa hadi Makutupora, ndani ya Manyoni, ikiendelea kuelekea Tabora. Reli ya kwanza iliisahaulisha Kilimatinde. Hii ya pili inaweza kumleta mtu wa Dar es Salaam asubuhi na kumrudisha, ikiwa atakuwa ameambiwa kuna nini cha kushukia. Akiketi dirishani bila kujua, ataliona pori la Itigi kama vichaka tu.

Nimezungumza na walimu wenzangu wa historia. Tunataka wanafunzi wa kidato cha tatu waitembee Kilimatinde kwa miguu kabla hawajafundishwa biashara ya misafara ubaoni, wakibeba mizigo midogo, wakienda kwa zamu, wakiandika walichoulizwa na wenyeji na walichojibiwa. Bibi amekubali kutupokea, kwa sharti kwamba watoto waje na shikamoo na wasije saa za joto. Kwa msomaji anayetaka kutangulia: mabasi ya Dodoma na Singida hupita barabara kuu kutwa. Panda la alfajiri, mwambie konda akushushe njia panda ya Kilimatinde, chukua bodaboda, beba maji yako, na umwambie dereva akuache mwanzo wa makazi.